NYUMBA NA USAFI: Manyoya Huondolewa Kabla ya Maji

Askari wa kikosi cha mbwa arudipo nyumbani jioni, hamleti mbwa pamoja naye. Mbwa hubaki bandani kituoni, amekwisha kula na kufungiwa. Walakini sehemu ya mbwa yule huja nyumbani kila siku, imeshika katika suruali ya sare, katika soksi na katika mikunjo ya shati. Askari huketi ukingoni mwa kitanda avue viatu vyake, na hapo manyoya huhama kutoka sare kwenda kwenye blanketi, na kutoka blanketi kwenda kwenye shuka la mtoto.

Mfano ni nyumba ya koplo mmoja wa kikosi hicho nchini Uganda. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: upande huu kitanda cha wazazi, upande ule kitanda cha watoto watatu, na pembeni gunia la unga na maharage. Kwa sababu ya gunia hilo, paka naye amepewa makazi, maana pasipo paka panya hula posho kabla ya wenyewe. Mchana, paka hulala juu ya kitanda cha watoto. Mtoto wa mwisho, mwenye umri wa miaka minne, ana pumu.

Mama wa nyumba hiyo si mvivu hata kidogo. Kila Jumamosi huloweka mashuka, foronya na sare pamoja katika karai kubwa, husugua kwa sabuni ya mche, na husuza mara tatu. Hata hivyo, nguo zikikauka kambani, manyoya huonekana yamelala juu ya shuka kana kwamba yameshonwa kwa sindano. Alilaumu sabuni, akabadili sabuni. Alilaumu maji ya bomba, akateka maji ya mvua. Sabuni haikuwa na hatia, wala maji hayakuwa na hatia. Kosa lilikuwa katika utaratibu wa kazi: maji yalitangulia, na manyoya yakaachwa yafuate.

Sababu ya manyoya kung'ang'ania

Unyoya mmoja wa mbwa, ukitazamwa kwa darubini, si laini kama uzi wa nailoni. Umefunikwa kwa magamba madogo yaliyopangwa mfano wa vigae juu ya paa, na ncha za magamba hayo zote huelekea upande mmoja. Kwa sababu hiyo unyoya huingia katika kitambaa kwa urahisi ukisukumwa upande wa shina lake, lakini ukivutwa kurudi ulikotoka, magamba hukwama katika nyuzi.

Sasa nguo hiyo ikitiwa majini na kusuguliwa, kila msuguo huusukuma unyoya ndani zaidi, nao hujizungusha katika nyuzi za kitambaa. Manyoya mengine hung'oka, yakaelea kwa muda, kisha hutua juu ya nguo nyingine iliyomo katika karai lile lile. Hivyo ndivyo manyoya ya mbwa yaliyokuwa katika suruali ya baba yalivyofika katika foronya ya mtoto, ijapokuwa mbwa hakupata kuingia chumbani.

Vitambaa navyo havifanani. Shuka la pamba lililofumwa kwa kubana halishiki manyoya sana. Kitambaa cha nailoni au poliesta, kikisuguliwa kikiwa kikavu, huzaa umeme kidogo unaoyavuta manyoya kwa nguvu. Kinachoshinda vyote ni blanketi la sufu. Sufu yenyewe ni manyoya ya kondoo, nayo ina magamba kama yale ya mbwa, kwa hiyo hushikana kama ndugu waliokutana. Magamba hayo ndiyo hulifanya blanketi la sufu linywee na kuwa gumu likisuguliwa katika maji ya moto. Kwa hiyo blanketi la sufu haliponyeki kwa kuchemshwa wala kwa kupigwapigwa ndani ya karai. Hapana budi lishughulikiwe likiwa kavu, kisha lifuliwe polepole kwa maji ya vuguvugu bila kusokotwa.

Kazi ya mkono mkavu

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza ni kwamba manyoya huondolewa yakiwa makavu, nje ya nyumba, kabla nguo haijaonja tone la maji.

Mashuka hayakung'utwi chumbani, kwa sababu kinachoruka hurudi juu ya godoro na katika chandarua. Pembe nne za shuka hukunjwa kuelekea katikati, uchafu ukabaki ndani, na furushi likapelekwa uani. Huko hutundikwa kambani, na anayekung'uta husimama upande utokako upepo, mbali na meko na mitungi ya jirani. Blanketi hupigwa kwa fimbo pande zote mbili. Foronya hugeuzwa ndani nje, maana manyoya hujikusanya katika pembe zake.

Baada ya kukung'uta, manyoya mengi yatakuwa yangali yameshika. Hapo huhitajika mpira. Anayeweza kununua glavu za mpira atumie hizo. Asiyeweza, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichooshwa kikakauka chafaa vile vile, au kandambili ya zamani iliyosafishwa vizuri. Shuka hutandazwa juu ya meza au mkeka safi, na mpira hupitishwa juu yake kwa vipigo vifupi vya kuelekea upande mmoja tu. Mpira hukwaruza manyoya kutoka katika nyuzi, nayo hujiviringisha yakawa kama kamba nyembamba inayookoteka kwa vidole. Kusugua huku na huku si vyema, kwa sababu hurudisha yale yaliyokwisha kutoka. Kitambaa kikiwa cha nailoni, mpira hulowanishwa kidogo sana, kiasi cha unyevunyevu tu, ili umeme upungue.

Sare ya gwaride haikwaruzwi kwa nguvu, isije ikang'aa. Kwa sare, utepe wa gundi huzungushwa mkononi, upande wa gundi ukiwa nje, kisha nguo hugongwagongwa taratibu. Godoro nalo hupigwa brashi, hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na kuanikwa juani mchana kutwa.

Manyoya yaliyokusanywa hufungwa katika karatasi na kutupwa shimoni. Hayatiwi katika bomba la maji machafu. Katika nyumba za kambi, ambapo familia nyingi hutumia mfereji mmoja, uzembe wa nyumba moja huwa mafuriko ya nyumba zote.

Katika karai

Nguo zikisha kupita katika mkono mkavu, ndipo maji huja. Sare ya askari wa mbwa hufuliwa peke yake, na malazi ya watoto peke yake. Nguo ziwe chache na maji yawe mengi, ili manyoya yaliyobaki yapate nafasi ya kuelea. Yanayoelea hukusanywa kwa chujio la chai lililostaafu kazi ya jikoni.

Jambo moja hupuuzwa na wengi. Wakati wa kubadili maji, nguo huinuliwa kutoka majini kwanza, kisha maji humwagwa. Maji yakimwagwa nguo zikiwa zimebaki ndani, manyoya yote yaliyokuwa juu hushuka na kutua juu ya nguo. Karai lenyewe hupanguswa kwa kitambaa kabla ya kutiwa maji mapya. Kazi hiyo ni ya nusu dakika, lakini huokoa kazi ya saa nzima.

Siki kidogo katika maji ya kusuza ya mwisho huondoa mabaki ya sabuni yanayoyagandisha manyoya juu ya nguo. Walakini siki isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Mashine iliyoshiba

Yule koplo na mkewe waliweka akiba katika chama cha ushirika, wakanunua mashine ya kufulia iliyokwisha kutumika. Furaha ilikuwa kubwa. Mashuka, mablanketi na sare vyote viliingia mashineni kama vilivyotoka kitandani, kwa kuwa mama aliamini kwamba mashine ina akili kuliko mkono. Mwezi wa nne, mashine ilinguruma, ikatetemeka, na maji yakakataa kutoka.

Fundi alipoitwa, alifungua kifuniko kidogo kilicho chini mbele, akaingiza vidole, akavuta kitu cheusi chenye utelezi, kirefu kama mkia.

"Mama," alisema fundi, "mashine hii haiumwi. Imeshiba manyoya tu."

"Lakini mimi hutia sabuni nyingi," mama alijibu.

"Sabuni hiyo nayo ndiyo iliyoyagandisha, mama yangu."

Mashine ya kufulia haiyeyushi manyoya. Huyatoa katika nguo na kuyapeleka pamoja na maji machafu hadi kwenye chujio na pampu. Huko manyoya hukutana na nyuzi zilizokatika na sabuni isiyoyeyuka vizuri, vikawa donge moja. Donge likikua, maji hutoka kwa shida na pampu hufanya kazi kupita kiasi, na mwisho huweza kuungua. Kwa hiyo mwenye mashine hana ruhusa ya kuacha kazi ya mkono mkavu. Kwa kweli yeye huihitaji kuliko mwenye karai, maana karai halina pampu ya kuungua.

Utunzaji wake si mgumu. Pipa lisijazwe, nusu yake yatosha kwa nguo zenye manyoya, ili maji yapate kuzunguka. Sabuni iwe kwa kipimo. Kila baada ya kufua, mpira wa mlango hufunuliwa na kupanguswa, maana mkunjo wake ni ghala la manyoya. Chujio la pampu husafishwa mara moja kila mwezi, au kila juma penye mbwa na paka. Kabla ya kulifungua, waya wa umeme huchomolewa ukutani, maji ya moto yakaachwa yapoe, na sahani pana ikawekwa chini pamoja na tambara. Mashine zenye mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, mara nyingi huwa na kifuko cha wavu ndani ya pipa la kufulia. Kifuko hicho hugeuzwa na kusafishwa kila mara. Baada ya nguo zenye manyoya mengi, mashine huzungushwa mara moja ikiwa tupu, kwa maji ya moto ikiwa huweza kuyatumia, ndipo malazi ya watoto yafuate.

Wenye mashine ya kukaushia nguo wana faida moja na hatari moja. Faida ni kwamba nguo kavu zikizungushwa humo kwa dakika 10 bila joto kabla ya kufuliwa, manyoya mengi hulegea na kukamatwa na wavu. Hatari ni kwamba wavu huo usiposafishwa kila mara, manyoya na nyuzi kavu hukusanyika penye joto, na moto huweza kuwaka.

Yanayopanda juu ya manyoya

Mtu aweza kuuliza: je, yote haya ni kwa ajili ya manyoya tu? Kama yangekuwa manyoya tu, pengine kukung'uta kungetosha. Lakini unyoya ni kama gari. La muhimu ni abiria wake.

Abiria wa kwanza ni chembe za mate na magamba madogo ya ngozi ya mnyama. Hizo ndizo huwasumbua wenye pumu, si unyoya wenyewe. Za paka ndizo nyepesi zaidi: huelea hewani, hushika nguo, na hukaa nyumbani miezi kadhaa hata baada ya paka kuondoka. Mganga wa zahanati alipomwuliza mama yule, "Ni mnyama gani alalaye penye kitanda cha mtoto?" ndipo alipokumbuka usingizi wa paka wa mchana. Malazi ya pamba ya mtoto wa namna hiyo hufuliwa kila juma kwa maji yenye joto la nyuzi 60 za Sentigredi au zaidi, kwa kuwa joto hilo huua pia wadudu wadogo wa vumbi ambao maji baridi hayawaui. Asiye na mashine humimina maji yaliyochemka juu ya mashuka, huyafunika kwa robo saa, na huyakoroga kwa mti, watoto wakiwa mbali. Hata hivyo, usafi si badala ya dawa. Mtoto aendelee na dawa zake kama alivyoelekezwa na mganga.

Abiria wa pili ni kiroboto. Kiroboto mzima huishi juu ya mnyama, bali mayai yake ni laini, nayo hupukutika kutoka katika manyoya na kuangukia alalapo mnyama. Mabuu hula vumbi la damu iliyokauka, kisha hujifunika kifukoni na kuweza kungoja kwa miezi. Kwa sababu hiyo, kumtia mbwa dawa bila kufua gunia analolalia ni kazi ya nusu.

Abiria wa tatu haonekani kabisa. Katika Karamoja, na kuvuka mpaka huko Turkana nchini Kenya, ugonjwa wa hidatidi umejulikana kwa miaka mingi. Tegu wake ni mdogo, urefu wake haufiki sentimita moja, naye huishi tumboni mwa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika katika manyoya, na mtu akiyagusa kisha akala bila kunawa, huyameza. Miaka hupita, na uvimbe wenye maji hukua ndani ya ini au mapafu, hata hulazimu kupasuliwa. Mbwa mwenyewe huupata ugonjwa kwa kula maini na mapafu mabichi ya mbuzi au kondoo wenye uvimbe huo. Kwa hiyo askari na familia walioko sehemu za ufugaji wasimtupie mbwa matumbo mabichi, wampe dawa ya minyoo kama aagizavyo mganga wa mifugo, wasilale naye, na kila akunaye mbwa au kukusanya manyoya yake anawe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Liko pia jambo la inzi ambaye funza wake huingia katika ngozi, ambaye wengi humwita inzi wa maembe. Mbwa ni mwenyeji wake mkubwa. Inzi huyo hutaga katika mchanga wenye mkojo au kinyesi, na katika nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini. Kwa hiyo malazi huanikwa juu ya kamba penye jua kali, si juu ya majani, wala si karibu na banda la mbwa. Kisha pasi ya moto hupitishwa pande zote mbili, hasa penye mishono, kwa kila nguo inayostahimili joto.

Kuziba chanzo

Mstari wa Ikweta hupita katika nchi ya Uganda, na mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Mbwa wa nchi zenye majira ya baridi hupukutisha manyoya mengi kwa misimu. Mbwa wa hapa hupukutisha kidogo kidogo karibu kila siku. Basi kumpiga brashi mara moja kwa mwezi hakufai kitu. Mbwa wa kazi apigwe brashi kila siku, huko huko kituoni, na brashi ibaki huko.

Koplo yule sasa hufanya hivyo. Akimaliza, hujipangusa kwa mpira kabla ya kuondoka, na afikapo nyumbani huvua sare karibu na mlango, huitundika msumarini chini ya upenu, hunawa, ndipo aingie. Watoto wamezoea kungoja: humkimbilia baada ya kunawa, si kabla. Paka hakufukuzwa nyumbani, kwa maana panya nao ni adui wa familia. Amepewa gunia lake karibu na unga, nalo hufuliwa kila Jumamosi, peke yake. Mchana, pazia hufungwa na kitanda cha watoto hufunikwa kwa shuka kuukuu, ambalo huondolewa jioni na kupelekwa uani. Kama mtoto angezidi kubanwa kifua, wazazi wamekwisha kupatana kwamba paka atahamia kwa jirani.

Pumu haikutoka, na hakuna aliyeahidi kwamba itatoka. Lakini usiku wa mama kuamka na kumketisha mtoto apate kuvuta pumzi umekuwa wa nadra, na mashine haijanguruma tena.

Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Unyoya ni mdogo kuliko mwiba, wala hauchomi. Ndiyo maana ni rahisi kuudharau. Nyumba yenye mnyama na ishike utaratibu huu: brashi kwa mnyama, mpira kwa nguo kavu, kisha maji, jua na pasi.